Karatasi ya Dakika

Jumatatu, 3 Machi
Nimesugua benchi mwanzo mwisho, tena. Nalipwa kucheza mpira wa kikapu, nakaa! Mnara, anayecheza nafasi yangu, kapewa dakika thelathini na saba. Mtu au trekta? Na Jumamosi mama anakuja uwanjani kwa mara ya kwanza. Nilimwambia mimi ndiye nguzo ya timu. Kwisha habari yangu.

Jumanne, 4 Machi
Kumekucha! Daktari wa timu kalalamikia magoti ya wachezaji. Kocha katangaza: kuanzia sasa hakuna kuvuka dakika thelathini kwa mechi. Msaidizi wake ataziandika. Msaidizi mwenyewe haoni karibu bila miwani. Nimejitolea kumwandikia. Kanishukuru hadi nikaona haya. Kidogo tu.

Alhamisi, 6 Machi
Kimya, jirani yangu wa benchi, kaniuliza karatasi ya nini. Nikamwambia ajifunze kujituma. Naye hajagusa mpira tangu msimu uanze, ila hana mipango. Namhurumia.

Jumamosi, 8 Machi
Mama kakaa safu ya pili, na dada yangu mwenye mdomo. Mnara akicheza dakika mbili, naandika tatu. Mwisho wa robo ya pili, thelathini hizo! Mnara akalalamika hata jasho halijamtoka vizuri. Kocha akamwonyesha karatasi. Kaa!

Nikavua koti mbio mbio. Kocha akaniuliza naenda wapi. Akasema mimi ndiye mwenye karatasi, nikiingia nani ataandika?

Akaingia Kimya. Pointi kumi na nne! Tumeshinda. Dakika zake zote nimeziandika mimi, kwa mkono wangu.

Baada ya mechi mama kanikumbatia. Kasema wenzangu wanakimbizwa huku na huku, mimi peke yangu ndiye niliyepewa kazi ya ofisini. Dada kacheka hadi akapaliwa. Nimejifungia bafuni nikalia.

Jumatatu, 10 Machi
Kocha kanisifu mbele ya wote. Karatasi safi, wachezaji wamepumzika. Nitaishika hadi msimu uishe. Mnara ananitazama kwa jicho baya. Kimya ataanza Jumamosi.

Nimekaa nikatafuta kosa langu, na nimelipata. Nilishika karatasi peke yake.

Kesho naomba na saa.