Mbwa Wasiojitokeza

Tangazo lilibandikwa Jumatatu saa mbili asubuhi kwenye lango la Ofisi ya Makadirio ya Mbwa, Homa Bay. Lilisema kwamba kuanzia saa hiyo hakuna mbwa wa Homa Bay wala Migori asiyejulikana na serikali. Wote walikuwa wamekadiriwa. Idadi yao ilikuwa laki mbili, elfu kumi na moja, mia nne na wawili, na wananchi waliombwa kuipokea kwa utulivu.

Aliyelibandika ni Mniko Maroa, mhesabu mbwa wa daraja la tatu, mkataba wa miezi sita. Gundi ilikuwa haijakauka vidoleni alipoitwa ndani.

Kwa wiki tano Mniko alikuwa ametembea kwa miguu, toka Rusinga mpaka Suna, na kopo la ile rangi ya kijani wachungaji wanayowapulizia kondoo mgongoni. Siku ya kwanza unampulizia kila mbwa unayemkuta. Siku ya pili unapita njia ile ile, unahesabu wangapi wana rangi na wangapi hawana, na hapo unakisia wote ni wangapi. Kazi hiyo ilikuwa imemlia suruali mbili, lakini Mniko aliipenda kwa sababu ilikuwa ya haki. Suna alipata mbwa mia tatu na sita.

"Modeli inasema elfu mbili mia tisa," alisema Mkurugenzi Mogire, akamgeuzia kompyuta ajionee mwenyewe aibu yake.

Modeli ilikuwa hesabu ambayo Mkurugenzi alirudi nayo kutoka semina ya siku tatu. Unailisha idadi ya watu wa nyumba, idadi ya malango na chakula kinachopikwa, nayo inakuambia pale pana mbwa wangapi. Haihitaji mbwa.

"Mkurugenzi, nilizunguka mara mbili."

"Hapo ndipo ulipokosea. Ulitazama." Mogire alivua miwani kwa huruma. "Mbwa wa kuonekana ni wachache popote duniani, Maroa. Sisi tunashughulika na mbwa wa kitaifa."

Kwa hiyo wale elfu mbili mia tano na tisini na wanne waliobaki wakapewa jina rasmi: mbwa wasiojitokeza. Na kwa kuwa Ofisi iliundwa kwa ajili ya ustawi wa wanyama, mbwa asiyejitokeza lilikuwa jambo zito. Ama ana njaa, ama ana kichaa, ama kuna mtu amemficha. Daktari Sheila Obare wa Baraza la Ustawi angefika kutoka Nairobi baada ya wiki mbili kuwaona mbwa hao kwa macho. Waraka ukatoka: kila boma, bila ubaguzi, lilete mbwa wake waliokadiriwa ndani ya siku saba. Atakayeshindwa, biashara yake ifungwe wakati uchunguzi wa ukatili ukiendelea.

Mniko akapewa mafungu ya notisi za Suna. Notisi ya kwanza ilikuwa ya Nyaboke, mjane anayekaanga mgongo wazi karibu na soko. Mgongo wazi ni kile kiunzi cha samaki aitwaye mbuta kinachobaki kiwandani nyama ikishakatwa na kupelekwa ng'ambo.

"Wanne?" Nyaboke aliuliza. "Kijana wangu, mimi niko na paka moja tu."

"Paka yuko nje ya upeo wa makadirio, mama."

"Hayuko nje, ako hapa chini ya meza."

Mniko akakohoa. "Modeli imeona unauza samaki. Samaki wana mifupa, na penye mifupa pana mbwa."

"Mifupa? Mimi nauza hiyo mifupa yenyewe! Nyama ilishapanda ndege. Wateja yangu wanakula kichwa, wananyonya macho, wanaramba mpaka sahani. Mbwa akikuja hapa ataambiwa apange laini kama wengine."

Wateja wawili waliinua vichwa kuthibitisha, wakarudi sahanini. Mniko alitafuta kwenye fomu mahali pa kuandika maneno hayo. Palikuwa na kisanduku cha "Amekubali" na kisanduku cha "Amekubali kwa shingo upande."

Siku ya saba alirudi na kufuli. Nyaboke alikuwa ameshamwaga mafuta na kuosha karai. Hakumtukana. Mlango ulikuwa umepinda, basi akausukuma kwa bega ili komeo liingie sawa na Mniko asijiumize vidole. Hilo lilimchoma Mniko kuliko tusi lolote.

"Wajukuu watatu," alisema Nyaboke, kama anayetaja hali ya hewa. Kisha akauliza, "Na huyo mkubwa yenu, yeye alipewa mbwa ngapi?"

Mniko alibana kufuli, akaondoka na swali hilo.

Alasiri hiyo aliifungua orodha ofisini. Boma la Mkurugenzi halikuwemo. Mniko hakuwa mtu wa fitina. Alikuwa mtumishi, na waraka ulisema bila ubaguzi. Akajaza fomu kwa uaminifu: watu wawili, malango matatu, mbuzi wa kuchoma kila Jumapili. Akabonyeza. Modeli ikafikiri kidogo, ikatoa thelathini na saba. Notisi ikachapishwa na sahihi ya Mkurugenzi chini yake, kama zote. Jumatano Mkurugenzi mwenyewe alitia sahihi ya kuipokea, katikati ya fomu ya likizo na ombi la majani chai. Hakuisoma. Alikuwa na kazi nyingi.

Siku ya hafla ya kumpokea mgeni wa Nairobi hema lilijaa. Mbwa kumi na wawili wa Rusinga, migongo ya kijani, walikuwa wamefungwa kwenye nguzo kuliwakilisha taifa. Daktari Sheila Obare, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo, alisimama na orodha ya wakaidi.

"Anayeongoza eneo lote ni Mogire, wa mtaa wa ziwani. Mbwa thelathini na saba, hajaleta hata mmoja. Mogire ni nani?"

Kwenye nguzo, mbwa mmoja alijikuna.

"Ni mimi, Daktari, lakini..."

"Lakini modeli imekosea?"

Mniko aliuona mlango uliofunguliwa. Neno moja tu, "ndiyo," na kila mtu angekwenda nyumbani, na Nyaboke angewasha jiko. Alijikuta akimwombea bosi wake kwa moyo wote. Lakini Mkurugenzi alikuwa ameisifu modeli redioni, na kulikuwa na cheo Nairobi kilichosubiri mtu wa makadirio.

"Modeli haikosei," alisema Mogire, akanyoosha tai.

"Basi mbwa walikuwepo."

"Walikuwepo."

"Wako wapi?"

Akatafakari. "Walikufa."

"Wote? Ulikuwa unawapa chakula gani?"

"Sikuwapa chochote," alijibu Mkurugenzi, na hilo ndilo neno pekee la kweli alilolitamka siku hiyo.

Daktari aliandika. "Na hawa elfu mbili na ushei wa Suna?"

"Nao walikuwepo."

"Chini ya uangalizi wa nani?"

"Wa Ofisi yangu," alisema Mogire, ambaye hakuwahi kukubali kitu kikubwa kiwe chini ya mwingine.

Basi wananchi wakaonekana hawana hatia. Kufuli la Nyaboke lilifunguliwa jioni hiyo hiyo, akakabidhiwa pia barua yenye mhuri ya kumpa pole kwa kufiwa na mbwa wanne. Alimfanya Mniko aisome mara mbili. Wateja wakampa pole, naye akazipokea kwa adabu, akawaambia wakae.

Kesho yake Mniko aliitwa kituoni kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Konstebo Bonareri alikuwa akiandaa mashtaka ya ukatili kwa wanyama, na hati ilidai jina la kila marehemu, kuanzia na wale thelathini na saba wa nyumbani kwa Mkurugenzi.

"Simba," alianza Mkurugenzi, akiwa amekaa wima kwenye benchi bila tai wala mshipi. "Tommy. Jimmy. Popi. Chui."

Kwenye kumi na nne majina yakamwishia. Akataja miji: Rongo, Mbita, Awendo. Miji nayo ikaisha, akaingia vyeo: Katibu, Naibu Katibu, Kaimu.

"Huyu Kaimu alikuwa rangi gani?" aliuliza konstebo.

"Kijivu."

Mniko aliandika yote, mstari kwa mstari.

"Thelathini na sita," alisema Bonareri. "Bado mmoja."

Mkurugenzi alitazama dari, akatazama sakafu.

"Mogire," alisema mwishowe.

Mniko hakuinua kichwa. Aliandika kwa herufi kubwa, kama fomu inavyotaka.

"Dume?" aliuliza konstebo.

"Dume."