Waraka wa Madaraja ya Joto

"Inatangazwa kwa furaha kubwa, kwa watumishi wote wa Ofisi ya Usajili wa Visima, kwamba kuanzia leo joto si mali ya kila mtu."

Ndivyo Naibu Mkurugenzi, Bwana Naresh Khare, alivyoanza kusoma waraka, yeye amesimama kivulini barazani, watumishi wamepangwa uani juani. Kwa kuwa tangazo lilihusu joto, ilionekana vyema walisikilize wakiwa ndani yake.

Waraka ulieleza kwamba zamani watu walikuwa wakihisi joto ovyoovyo, mkubwa na mdogo kwa pamoja, jambo lililoleta fujo kazini. Sasa kila cheo kimepewa nyuzi zake za joto. Mkurugenzi, kumi na sita. Naibu, ishirini na mbili. Makarani, wapiga chapa na matarishi, kadiri Mungu atakavyojalia. Na kwa hali yoyote ile, mtumishi asikutwe mahali penye ubaridi sawa na wa mkubwa wake, wala kuuzidi. Kujipepea kwa faili kumepigwa marufuku, kwani anayejipepea anajipoza, na anayejipoza anajipandisha cheo bila usaili.

Watumishi walipiga makofi. Walipiga kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, maana makofi nayo huleta kaupepo.

Karani mkuu, Girija, alipiga makofi pamoja na wenzake, lakini macho yake yalikuwa kwa Kusum, mpiga chapa, aliyekuwa ameushika ukuta kwa mkono mmoja na tumbo kwa mkono mwingine. Girija alikuwa mama wa makamo ya kustaafu, ana wajukuu, na mjamzito aliyechoka alimjua hata kwa mgongo. Mwaka uliopita, katika msimu kama huu, chumba kilekile cha makarani kilikuwa kimemnyang'anya Kusum mimba yake ya kwanza. Hii ilikuwa ya pili, na msimu wa jua lenyewe ndiyo kwanza unaanza.

Chumba hicho kilipakana na cha Mkurugenzi, na mgongo wa kiyoyozi cha Mkurugenzi ulitokeza humo. Fundi aliyekifunga alitaka kuuelekeza nje, lakini Mkurugenzi alisema mgongo wa chombo cha serikali hauwezi kuachwa barabarani kama mbuzi. Kwa hiyo uso wa kile kiyoyozi ulimpulizia Mkurugenzi ubaridi, na mgongo wake ukawapulizia makarani kila kilichobaki. Madirisha yalikuwa yamegandishwa kwa karatasi na gundi. Hewa ya nje ilikuwa bado haijapangiwa daraja.

"Mzee anajipoza, sisi tunaokwa," alisema tarishi Baburam, akiingia na mtungi wa maji. "Bado kutugeuza upande wa pili."

Baburam alikuwa na kasoro moja. Kila alipofika karibu na kiti cha Kusum alijikwaa, na maji yakamwagikia miguuni pa yule binti. Alijikwaa asubuhi, akajikwaa mchana, akaomba radhi kila mara. Hakuna aliyewahi kumwona akijikwaa mahali pengine.

"Baburam, utaniozesha vidole," Kusum alisema siku ile, akicheka kidogo. Kisha akaacha kucheka. Alimvuta Girija ukingo wa sari. "Shangazi, leo hajacheza. Tangu asubuhi."

"Amelala tu, mwanangu. Kunywa maji."

"Yule wa kwanza nilidhani amelala pia."

Girija alijifunga sari yake vizuri, akaenda kubisha kwa Mkurugenzi.

"Funga mlango, Girija! Unamwaga hewa ya serikali!"

Mkurugenzi Gajendra Katiyar alikuwa amevaa kofia ya sufu, shali mbili na soksi nene, mikono ameizungushia gilasi ya chai ya tangawizi. Pua yake ilikuwa nyekundu. Nje, mbwa walikuwa wamelala mitaroni ndimi nje, na wauza vitunguu walikuwa wakiuza kimoja kimoja kwa wapita njia, cha kutia mfukoni kujikinga na upepo wa moto. Ndani humu pumzi ya Mkurugenzi ilikaribia kuonekana.

"Mkubwa, nimekuja kwa ajili ya Kusum," Girija alisema. "Hali yake unaijua. Naomba akae chumbani kwa Bwana Khare, pembeni tu. Mashine yake tutaibeba sisi wenyewe."

Mkurugenzi alipiga chafya. "Girija, wewe ni daraja gani?"

"La nne."

"Na yeye?"

"La tano."

"Haya. La tano likikaa kwenye nyuzi ishirini na mbili, na la nne likabaki kule kwenye tanuri, nani mkubwa wa nani?"

"Mimi sioni vibaya, Mkubwa. Acha awe mkubwa wangu mpaka mvua zije."

"Ndiyo maana hupandi cheo. Huna uchungu nacho." Alijivuta shali mpaka masikioni. "Mnadhani mimi nastarehe humu? Nina mafua tangu sikukuu ya kurushiana rangi. Magoti hayakunjuki. Lakini nikipandisha hata uzi mmoja, Khare naye ataomba kushuka mmoja, na kesho tutakutana katikati kama watu wa sokoni. Ninatetemeka kwa niaba ya serikali, Girija. Nani anayenishukuru?"

"Pole, Mkubwa. Na mtoto je?"

"Mtoto bado hajaajiriwa."

Hata hivyo Mkurugenzi hakuwa mtu wa kupuuza shida za walio chini yake. Aliunda kamati. Kamati ya Starehe Mahali pa Kazi ilikutana chumbani kwake, kwa kuwa kwa joto lile hakuna ambaye angeweza kufikiri kwingine, ikaamua kwamba mpiga chapa anaruhusiwa kuzimia, ilimradi aombe mapema na asiangukie njia ya kupita. Likizo asipewe kwanza. Waziri alikuwa njiani, na hotuba ya kumkaribisha ilikuwa ndefu.

Kusum akaipiga chapa hotuba hiyo, jasho likidondokea neno "ustawi" kila lilipotokea. Na lilitokea mara nyingi.

Waziri alifika na Katibu wake, mwanamke mwembamba asiyecheka. Waziri alikuwa amepata habari za waraka, na alikusudia kuutumia jimbo zima. Alipoingia chumbani kwa Mkurugenzi na ubaridi ukamgusa shingoni, alifumba macho kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.

"Lo! Kule nyumba ya wageni umeme unakuja kama mgeni. Hapa haukatiki?"

"Hapa tuna jenereta yetu, Mheshimiwa," alisema Mkurugenzi.

"Ya kuvutia maji visimani?"

"Ya kusajilia visima, Mheshimiwa."

"Vizuri sana." Waziri alikaa kwenye kiti cha Mkurugenzi, kilichotandikwa taulo jeupe la heshima, taulo ambalo ofisini hupewa yule asiyetokwa na jasho. "Sasa nionyesheni waraka unavyofanya kazi."

Bwana Khare aliusoma kwa sauti ya kuimba, mpaka pale pa mtumishi asikutwe mahali penye ubaridi sawa na wa mkubwa wake. Waziri aliinua kidole.

"Kwa hiyo nyuzi kumi na sita ni zangu."

"Bila shaka, Mheshimiwa!"

"Basi ninyi mnatafuta nini humu?"

Mkurugenzi alitazama kiyoyozi, akamtazama Waziri, akacheka kwa matumaini. Waziri hakucheka. Mkurugenzi akatoka kinyumenyume, mikono ameikutanisha kifuani.

Chumba cha Naibu alikuwa ameshakikalia Katibu, ambaye naye alikuwa mkubwa wa Mkurugenzi kwa madaraja mawili. Ofisi haikuwa na vyumba vingine ila cha makarani. Mkurugenzi aliingia humo akiwa bado na shali zake. Bwana Khare alimfuata, lakini kwa kuwa hakuruhusiwa kuwa na ubaridi sawa na wa mkubwa wake, ilibidi aketi karibu zaidi na mgongo wa kiyoyozi, ambao sasa, kwa heshima ya Waziri, ulikuwa ukinguruma kwa nguvu zake zote.

Girija alisubiri mpaka wote wawili wametulia. Kisha akaenda kwa Katibu, polepole, kama mtu anayekwenda kuulizia bei ya dengu.

"Samahani, dada. Waraka unasema sisi tuwe na joto kuliko Mkurugenzi. Naye amekalia joto letu. Sisi tukae wapi?"

Katibu aliusoma waraka, kisha akaurudia. Alikuja kwenye mlango wa makarani, akamwona Kusum amesimama ameegemea kabati, uso umempauka. Alimtazama muda mfupi, akaangalia kipimajoto ukutani. Arobaini na tano.

"Kuna mahali penye joto kuliko hapa?"

"Paa!" alisema Mkurugenzi upesi, akijipangusa. "Kuna paa!"

Baburam alipanda na kipimajoto. Alikawia kidogo, akashuka. "Juu kuna kaupepo, bibi. Arobaini na nne." Kipimajoto kilikuwa kinachuruzika maji, lakini Katibu alikisoma bila kuuliza. Akaandika chini ya waraka, kwa mwandiko mzuri: *Makarani, wapiga chapa na matarishi hawana joto la kukalia. Waende nyumbani na mshahara wao kamili hadi litakapopatikana.* Kisha akamwambia dereva wake amchukue yule binti kwa gari, tena taratibu, mashimo ayakwepe.

Nyumbani kwa Kusum paa lilikuwa la bati, kwa hiyo alipelekwa kwa Girija, kwenye kuta nene za udongo na pazia la nyasi lililolowa maji mlangoni. Alikunywa maji ya embe mbichi yenye chumvi na bizari, akalala kwenye kitanda cha kamba. Jioni aliita kwa sauti iliyowatoa watu wote jikoni mbio.

"Anacheza! Shangazi, anapiga mateke huyu!"

"Ana hasira," Girija alisema, mkono juu ya tumbo, macho yamemlowa. "Mtoto wa daraja la tano. Mwache apige."

Waziri naye hakuondoka. Alitangaza kwamba utekelezaji wa waraka unahitaji kukaguliwa kwa karibu, na kwamba angeukagua mpaka mvua zinyeshe. Taarifa yake ya kwanza ilisifu uvumilivu wa Mkurugenzi, ambaye, kwa mujibu wa uchunguzi, hakuonyesha dalili ya kuhisi joto, na hivyo hakuna sababu ya kumhamisha.

Mchana mmoja, jua likiwa utosini, mtu alilisogeza pazia la nyasi nyumbani kwa Girija. Shati lilikuwa limemgandama mwilini, macho yamezama. Ilimchukua Girija muda kumtambua.

"Mkubwa! Karibu ndani."

Mkurugenzi hakuingia. Alisimama kizingitini, nusu kivulini, nusu juani, akimtazama Baburam anayemenya matango sakafuni na Kusum aliyejilaza kwenye ubaridi wa udongo. Girija alimletea maji. Aliyanywa yote, akaomba mengine, akayanywa nayo.

"Girija, nikae hapa kidogo. Pembeni tu."

Girija alikuwa ameshaanza kusogeza kigoda, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Lakini Kusum aliinuka kwa kiwiko.

"Mkubwa, ukikaa hapa utakuwa na ubaridi sawa na wetu. Hapo utakuwa umejishusha cheo mpaka la tano."

"Nishusheni," alisema Mkurugenzi. "Nishusheni basi, binti yangu. La tano. La sita. Lolote."

"Sisi hatuna mamlaka hayo, Mkubwa," Kusum alisema kwa upole, akajilaza tena. "Ombi la kushushwa cheo hupitia kwa mkubwa wako mwenyewe. Yumo ofisini kwake, kwenye nyuzi kumi na sita, na mlango umefungwa ili hewa isimwagike."