Flatskrini Sita Zilizopanda Ndege

Kiarie hakwenda cyber kufanya uhalifu. Hilo lisemwe mapema, kwa heshima ya mtuhumiwa. Alikwenda kukaa tu, kwa sababu cyber ilikuwa na kiti chenye mto, na chumba chake cha mtaa wa Kaptembwo, hapo Nakuru, kilikuwa na ndoo iliyopinduliwa. Alilipa shilingi ishirini, akafungua barua pepe ambayo hakuna aliyewahi kumwandikia, akaanza kupumzika. Ndipo aliposikia, kwenye mashine ya pili, mtu mwenye pesa akigombana na kompyuta.

"Nimesema TV! TV ya Amerika! Mbona inanionyesha viatu?"

Kiarie hakuwa na haja ya kuona pesa. Alizitambua kwa sauti, kama mwanafunzi wa bweni anavyotambua siku ya nyama akiwa bado darasani.

Mwenye sauti alikuwa mzee Gachanja, dalali wa waru, yaani viazi, kutoka Dundori, mwenye koti la ngozi, simu mbili na baa moja. Siku za kazi alinunua waru kwa wakulima kwa magunia yaliyojazwa mpaka yakaota kichogo, akayalipia kama gunia la kawaida. Jumapili alikuwa mzee wa kanisa. Kwa hiyo msomaji asianze kumwonea huruma.

"Sasa mzee," alisema Kiarie, akisogeza kiti. "Naona hiyo mashine imekukosea adabu."

"Na wewe ni nani?"

"Injinia Kiarie. Mambo ya kuagiza vitu ng'ambo."

Uinjinia huo alijitunuku mwenyewe, baada ya kufukuzwa Kidato cha Pili kwa kuunganisha pasi na nyaya za bweni na kuwaacha wanafunzi mia tatu gizani.

Gachanja alieleza shida yake. Michezo ya Olimpiki ilikuwa imeanza kule Beijing. Mwenye baa ya ng'ambo ya barabara alikuwa ameweka flatskrini ukutani, na wateja walikuwa wamehamia huko na viti vyao. Gachanja alitaka sita: mbili za baa, moja ya sebuleni, moja ya chumbani, na mbili za kuwanyamazisha mashemeji.

"Amenunua wapi huyo?" Kiarie aliuliza.

"Kwa Mama Pritam, pale karibu na soko. Elfu ishirini na nane."

"Pole sana," Kiarie alisema, kama anayetoa rambirambi. Vidole vyake vilikuwa tayari kwenye kibodi. "Angalia hapa. Marekani kwenyewe. Dola mia tatu. Hiyo ni elfu ishirini."

Macho ya Gachanja yalitoka. "Ishirini! Agiza! Agiza sasa hivi!"

"Subiri mzee. Hiyo ni bei ya TV ikiwa imelala kwao. Ikitaka kukufuata Dundori, inaanza kula. Kuna ndege. Kuna bima ya ndege. Ikifika Nairobi kuna ushuru, na kuna mtu wa kuambia ushuru upungue. Halafu hii website ni mjanja, ikiona unaandika kutoka Kenya inajiongezea yenyewe. Kwa jumla, mlangoni kwako, arobaini na tano."

Hapo ndipo matapeli wadogo huanza kutetemeka na kupunguza bei. Kiarie hakupunguza. Alitazama kucha zake.

Gachanja alitikisa kichwa polepole, lakini kwa kuelewa. Tangu ujana wake alikuwa akinunua gunia Dundori kwa mia sita na kuliuza Nairobi kwa elfu mbili, na kila mkulima aliyelalamika alimjibu jibu moja: ni barabara. Leo alikuwa amekutana na mtu wa dini yake.

"Kwa hivyo yangu itakuwa ghali kuliko ya yule jamaa."

"Karibu mara mbili, mzee."

"Na imekuja na ndege."

"Na kiti cha dirishani."

Gachanja alicheka mpaka koti likalia. Siku iliyofuata alileta amana, elfu ishirini kwa kila TV, shilingi laki moja na ishirini kwenye mfuko wa karatasi uliokuwa bado unanuka waru. Salio angelipa siku TV zitakapowaka.

Mpango wenyewe haukuwa na haja ya Marekani. Kiarie angenunua TV zilezile kwa Mama Pritam, kwa bei ileile ya jirani, abandike stika za ndege, apande nazo Dundori, abaki na faida ya elfu kumi na saba juu ya kila moja. Ilibidi tu aongeze elfu arobaini na nane zake mwenyewe, alizokusanya kwa mwaka mzima wa utapeli wa rejareja.

Pesa hizo zilikuwa na kazi. Zilikuwa amana na kodi ya miezi mitatu ya nyumba moja mtaa wa Kiamunyi, yenye bafu ndani na maji ya moto. Alipoonyeshwa nyumba hiyo alifungua bomba, akaacha mkono chini ya maji kwa muda mrefu hivi kwamba mwenye nyumba, mama mmoja mpole aitwaye Jepkosgei, alimuuliza kama amletee taulo. Angeweza kulipa siku hiyohiyo. Lakini nyumba ya Kiamunyi inataka kochi, kochi linataka zulia, na pesa zikikaa wiki moja tu kwenye biashara, zingerudi na hivyo vyote. Jepkosgei alimpa mpaka Jumatatu.

Duka la Mama Pritam halikuwa kubwa, lakini lilikuwa na desturi. Hakuna kitu kilichotoka mle bila kujaribiwa. Ukinunua balbu, inawashwa mbele yako. Ukinunua redio, inaimba. Ukinunua pasi, unaguswa nayo kidogo ukibisha. Wateja wengine walikuja na jirani kama shahidi. Mama Pritam mwenyewe alikaa nyuma ya kaunta na soketi zake, mjane aliyezaliwa Nakuru, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyejua kuhesabu pesa kwa Kikuyu kuliko Wakikuyu.

"Mimi ni Injinia Kiarie. Flatskrini sita," alisema. "Cash."

Mama Pritam alichukua kisu cha kukatia gundi. "Tunafungua, tunajaribu, napiga muhuri."

"Hapana mathe! Usifungue."

Kisu kilisimama. Mwanamume aliyekuwa akijaribiwa tochi aliizima.

"Hutaki nijaribu?"

"Nakuamini."

"Mimi sijiamini hivyo," alisema Mama Pritam. "Nafungua moja tu."

"Mathe, boksi likifunguliwa sinunui. Nataka zikiwa na gundi ya kiwandani. Ni zawadi."

"Zawadi ya nani?"

"Watu wa Dundori."

Mama Pritam alimtazama juu ya miwani. Kisha akauliza mara ya tatu, kwa sauti ya kasisi anayeuliza kama kuna mwenye pingamizi. "Injinia, kwa akili yako timamu, hutaki nijaribu hata moja?"

"Hata moja."

"Basi andika hapa. 'Nimekataa kujaribiwa.' Weka sahihi. Na nambari ya kitambulisho."

Kiarie aliandika kwa mwandiko mzuri wa shule. Mama Pritam aliingia stoo mwenyewe, jambo ambalo hakuwa akilifanya kwa sababu ya magoti yake, akaelekeza maboksi yatolewe kutoka kona ya mwisho kabisa.

Jumatano saa nane mchana baa ya Gachanja ilijaa. Maboksi yalishushwa kutoka kwenye pikapu ya kukodi yakiwa na stika za ndege pande zote nne, na wazee walizigusa kwa heshima.

"Mbona hapa imeandikwa China?" aliuliza mmoja.

"Wamarekani hawachafui mikono," Kiarie alijibu. "Wanatuma."

TV ya kwanza ilichomekwa. Ilibaki nyeusi. Kiarie akabonyeza, akapapasa nyuma, akabonyeza tena. Ikaletwa ya pili. Ya tatu. Ya nne ilitoa mlio mdogo kama mtu anayekumbuka deni, ikanyamaza.

"Zimechoka na safari," alisema Kiarie. "Na mnajua, saa za huko ni tofauti. Saa hizi Marekani watu hawajaamka."

"Zilizobaki nazo zimelala?" Gachanja aliuliza.

Zilikuwa zimelala. Mtu mmoja alichukua TV ya zamani ya baa, yenye mgongo kama wa ng'ombe, akaichomeka kwenye soketi ileile. Ikawaka mara moja, na msichana fulani akaruka juu kule Beijing huku baa nzima ikishangilia.

Gachanja hakupiga kelele. Mtu wa waru hapigi kelele, anataja sheria. "Kijana, kwa biashara yangu, gunia likioza njiani ni hasara ya mwenye gari. Wewe umeniuzia njia. Njia yote, na ndege, na dirisha. Lete kitambulisho."

Kiarie alikitoa. Gachanja akakitia mfukoni mwa koti na kufunga zipu.

"Jumamosi kuna fainali. Saa tisa nataka sita zinazowaka, ama laki moja na ishirini yangu. La sivyo hiki kitambulisho tunakipeleka polisi, na sisi wote tunakisindikiza." Wazee walikuwa tayari wamesimama, kwa mazoezi.

Alhamisi asubuhi, kabla duka halijafunguliwa vizuri, Kiarie alikuwa kwenye kaunta ya Mama Pritam.

"Mathe, umeniua! Zote zimekufa!"

"Ziliungua mwezi wa tano," alisema Mama Pritam kwa utulivu, akipangusa miwani. "Stima ilipotea, ikarudi na hasira. Msambazaji wa Nairobi amekataa kuzichukua. Miezi mitatu nimekaa hapa nikingoja mtu mmoja tu, Nakuru nzima, asiyetaka kujaribu."

"Ulijua!"

"Nilikuuliza mara ngapi?"

Kiarie alihesabu kwa vidole, akafika vitatu.

"Nina sita nzima," Mama Pritam aliendelea. "Gachanja amebakisha ngapi?"

"Umejuaje ni Gachanja?"

"Mtu wa Dundori anayenunua TV sita kwa mpigo ni mmoja. Mwaka jana alisimama hapo ulipo, akapunguza bei ya redio saa nne nzima, halafu akaambia wateja wangu vitu vya hapa ni vya maskini. Amebakisha ngapi?"

"Laki moja na hamsini."

"Basi bei ni hiyo. Elfu ishirini na tano kila moja. Nimekupunguzia tatu, wewe ni mteja mzuri."

"Na mimi nabaki na nini?"

"Kitambulisho."

Kiarie alijaribu kila alichokijua. Alibembeleza, alisimulia yote kuanzia TV za Amerika mpaka nyumba ya Kiamunyi, alitaja Mungu wa watu wote, alitoa machozi ya jicho moja. Mama Pritam alingoja amalize, kisha akachukua kisu, akafungua maboksi sita mapya, akaziwasha TV zote kwa safu na kupiga muhuri kwenye risiti.

"Hizi nimejaribu," alisema. "Na tunakwenda pamoja. Sitaki mzigo wangu uoze njiani."

Jumamosi walipanda Dundori, Mama Pritam mbele karibu na dereva na shali mabegani, Kiarie nyuma akikumbatia maboksi yenye stika mpya za ndege chini ya turubai, mvua ya milimani ikimpiga usoni. Gachanja alikuwa amesimama mlangoni na saa mkononi. Kisha akamwona mwanamke anayeshuka, akaganda.

"Mama Pritam! Wewe nawe umefuata nini huku?"

Sentensi moja tu ya huyu mama, na hakungekuwa na kitambulisho wala mwenye kitambulisho.

"Nimesikia una TV za Amerika," alisema Mama Pritam. "Nikasema nije nijionee, kabla sijafunga duka."

Uso wa Gachanja ulichanua kama wa mvulana aliyetajwa kwenye gwaride. Akampa kiti cha mbele. Akamletea chai. TV zikachomekwa moja baada ya nyingine, zikawaka zote, na baa ya ng'ambo ya barabara ikaanza kumwaga wateja, wakivuka na viti vyao.

"Umeona rangi?" Gachanja alimwinamia. "Umeona hiyo nyasi? Zako zinaweza hivi?"

Mama Pritam alisogea karibu, akarekebisha miwani, akaitazama bidhaa yake mwenyewe kwa muda mrefu.

"Zangu haziwezi," alikiri. "Hii lazima ni ghali sana."

"Arobaini na tano!" Gachanja alinguruma, ili wasikie hata walio chooni. "Arobaini na tano kila moja!"

"Ndiyo maana," alisema Mama Pritam kwa unyenyekevu.

Gachanja alihesabu laki moja na hamsini mbele yake, noti kwa noti, zaidi kwa ajili ya macho ya yule mama kuliko mkono wa Kiarie. Akarudisha kitambulisho. Akaongeza noti ya mia tano juu. "Ya kijana wa ndege," alisema.

Pikapu ilipopita kona ya kwanza, dereva alisimama bila kuambiwa. Mkono mmoja wenye bangili ulitoka dirishani, ukanyooshwa kuelekea nyuma. Kiarie aliuwekea laki moja na hamsini. Mkono haukuondoka. Akauwekea na ile mia tano.

"Ya pikapu," ilisema sauti ya Mama Pritam.

Walishuka mpaka mjini. Kwenye njia panda ya Kiamunyi dereva alipunguza mwendo, na dirisha dogo la nyuma likafunguliwa.

"Injinia, nasikia umepata nyumba huku. Tukushushe?"

Kiarie alitazama barabara ile pana yenye miti, maji ya mvua yakimtiririka shingoni, baridi kabisa.

"Twende tu Kaptembwo, mathe."