Nyota Yangu na Msalaba wa Mama

Nimeaibika leo jamani, tena mbele ya baba yangu mzazi.

Mnajua nafundisha fizikia hapa Songea. Mnajua pia nina antena juu ya bati, kwangu mtaa wa Lizaboni (niliiunda mwenyewe, msiniulize zaidi). Sasa kuna nyota moja, jitu la nyota, imezungukwa na hewa ya moto isiyotulia. Inalipuka kila mara, na ikilipuka inatoa mionzi ya eksirei na mawimbi ya redio. Leo wataalamu walikuwa wanaiangalia kwa setilaiti ya eksirei. Nikasema na mimi nitaisikiliza kwa redio. (Antena yangu ni ndogo mno kwa nyota ya mbali vile. Nilijua. Tamaa tu.)

Asubuhi baba akafika kutoka kijijini kwetu Maposeni. Kesho padre anabariki kaburi la mama, na msalaba wa chuma uko kwa fundi wa kuchomelea, jirani yangu ng'ambo ya uzio.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeenda kuuangalia? Jina wamelipatia?"

Sikuwa nimeenda. Wiki nzima! "Nakwenda baba, ngoja kwanza hii nyota."

Akakaa.

Saa nne mstari wa antena kwenye kompyuta ukaruka juu. Mungu wangu! Ukashuka, ukaruka tena. Nikapiga kelele, nikamkumbatia mzee wa watu. Nikatuma picha kwenye kundi letu la wapenda nyota: "NIMEINASA!" Pongezi zikamiminika.

Baba akasogeza kiti dirishani. Akatazama nje, akatazama kompyuta, akatazama tena nje.

"Mwanangu, mbona huyu fundi akichomelea ndo inapanda?"

"Baba, hiyo ni nyota."

"Haya. Anaanza."

Ikapanda.

"Ameacha."

Ikashuka. Kumbe cheche za kuchomelea nazo hutoa mawimbi ya redio! Nilitamani ardhi inimeze.

Safari hii haikupanda tena. Fundi akapiga hodi, msalaba begani, bado una joto. "Mwalimu, nimemaliza wa mama. Nimekusubiri uje uangalie jina, nikaona nilete tu."

Jina lilikuwa sawa. Baba akalipapasa herufi moja moja kwa kidole, machozi yakamtoka. Nikamwomba msamaha. Akanishika mkono tu.

Ujumbe ukaingia kwenye simu. Mwenyekiti wa kundi: "Mwalimu, chanzo cha mlipuko umekithibitisha?"

Nikaandika: "Ndiyo. Ni msalaba wa mama yangu."

Msinicheke. Au chekeni, ila kesho mje Maposeni tumsimikie mama msalaba wake.