Birika la Bluu na Sheria ya Siku Saba

Jumatatu, 3 Machi

Kuna jambo dukani haliendi sawa.

Naandika haraka kabla sijasahau. Leo saa nane mchana, rafu ya vyombo vya jikoni: birika la umeme, la bluu. Kibonyeo kidogo karibu na mdomo, kama liliwahi kuanguka. Waya umefungwa utepe mweusi. Ni lile lile nililolichukua Alhamisi! Lakini haliwezi kuwa lile lile. Lile liko nyumbani, uvunguni mwa kitanda cha binti yetu, nilikoliweka kwa mkono wangu mwenyewe. Basi yako mawili. Pacha, yenye kibonyeo mahali pamoja.

Hapo kwenye "nililolichukua" nieleze, isije shajara hii ikanifikiria vibaya. Duka letu linaitwa Bado Kizima. Ni la kikundi cha mazingira cha hapa mtaani, na sote tunajitolea. Watu wanaleta vitu wasivyovihitaji, sisi tunafuta vumbi na kutengeneza palipoharibika, mwenye shida anakuja kuchukua. Visiishie jalalani. Sheria kubwa ni moja: anayejitolea haruhusiwi kuchukua kitu mpaka kikae rafuni siku saba, wengine wachague kwanza. Sheria nzuri sana. Mimi mwenyewe niliipigia makofi. Lakini mimi sichukui. Nahifadhi. Kuna mtu pale dukani simwamini, na vitu vizuri lazima viondoke mbele ya macho yake.

Mtu huyo ni Nesi. Amestaafu hospitali, anakaa meza ya mapokezi, ananiita Mzee Stoo mbele za watu. Ni kweli nilitunza stoo ya kiwanda cha magodoro miaka ishirini na sita. Ndiyo maana ufunguo wa duka ninao mimi, si yeye. Hilo linamkera. Hajawahi kusema, lakini naliona.

Kila kinachoingia Nesi anakifungia kadi kwa uzi: kimetoka wapi, kazi yake nini, hali yake ikoje. Kadi ya birika ilisema limetoka kwa "mama anayetaka nafasi." Mama gani? Nafasi gani? Nilimuuliza. Akajibu kwamba kiwandani hawatengenezi birika moja tu, Mzee Stoo. Akatabasamu. Tabasamu lile!

Nimelihifadhi ndani ya koti la mvua. Mvua haikuwepo.

Nyumbani nimelisukumia uvunguni haraka bila kuchungulia, maana nilisikia ndala za mke wangu. Amenikumbusha tena: binti yetu anakuja Jumapili na mtoto. Mjukuu wetu wa kwanza. Ana wiki tatu na sijamtia machoni. Chumba kiwe wazi, la sivyo binti atakwenda kupumzika kwa wakwe zake. Nimesema nitapanga kesho. Mke wangu amesema hiyo kesho anaijua, ina miezi miwili sasa.

Jumanne, 4 Machi

Birika la tatu!

Rafu ile ile. Kibonyeo kile kile. Kadi mpya, mama yule yule anayetaka nafasi. Pembeni yake taa ya mezani yenye shingo ya kupinda, ambayo nayo nina pacha wake nyumbani. Na feni. Na pasi. Nesi amepata kiwanda.

Nimefunga duka mapema, nikasema kichwa kinaniuma. Nyumbani nimepiga magoti moja kwa moja. Uvunguni patupu! Hakuna birika, si moja wala mawili. Taa hakuna. Feni hakuna. Nimeona sakafu ambayo sijaiona tangu binti aolewe.

Basi birika ni moja tu. Mtu anaingia nyumbani kwangu, anachukua vitu nilivyovihifadhi, anavirudisha dukani.

Mke wangu akatokea mlangoni. Akasema chumba kimeanza kupendeza, kumbe naweza. Nilijikaza kisabuni, nikasema ndiyo, nimeanza na uvungu. Sikumwambia kuhusu mwizi. Mama wa watu ataogopa bure, hana hili wala lile. Kila siku anatembea mwendo wote ule kuniletea chakula cha mchana dukani. Leo kikapu kilikuwa kizito kweli kweli, alikibeba kwa mikono miwili. Chakula chenyewe vijiko sita. Nahisi anakula njiani, ila kwa mapenzi yaliyopo kati yetu nimenyamaza.

Jumatano, 5 Machi

Mtego.

Nimelileta birika nyumbani tena, na safari hii chini yake nimetia nukta moja ya rangi nyekundu ya kucha. Ya mke wangu. Nukta ndogo, ukubwa wa punje ya dengu. Kisha uvunguni, nyuma ya katoni ya majarida. Likionekana dukani lenyewe ndilo litakuwa shahidi.

Mke wangu ameuliza chumba kinanuka nini. Nimesema ni dawa ya jino. Akauliza jino gani. Nikaonyesha. Akauliza mbona kidole changu ni chekundu. Nikasema ndilo hilo hilo jino.

Alhamisi, 6 Machi

Nukta ninayo! Saa saba na nusu, rafu ya jikoni. Nimeligeuza birika, na nukta ilikuwa pale pale, imenitolea jicho. Nimelifunga kwa gazeti na kulifungia kwenye kabati la bisibisi, ambalo ufunguo wake ninao mimi peke yangu.

Si hilo tu. Nyuma ya duka nilisikia msasa. Kwaru, kwaru. Nikasogea, msasa ukanyamaza. Nikachungulia. Fundi Baiskeli, ambaye siku zote nilimwona mtu mkimya asiye na makuu, alikuwa anafunika kitu kikubwa kwa shuka. Nesi kasimama naye. Na mke wangu yupo katikati, na kikapu chake! Nesi anamwita dada. Tangu lini?

Nilikohoa. Wote watatu wakaanza kuzungumzia joto. Nikauliza chini ya shuka kuna nini. Fundi akasema baiskeli. Baiskeli ya miguu minne? Nesi akasema Mzee Stoo, kuna mtu anakuita mlangoni. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Sasa naelewa. Wanamchimba mke wangu. Wanamwita dada, wanamchekea, kumbe wanataka kujua tunatoka saa ngapi, mlango wa nyuma una komeo gani. Naye anavyopenda kuongea! Moyo uliniuma. Mimi wanifanye watakavyo, lakini mke wangu wamwache.

Ijumaa, 7 Machi

Sikwenda dukani. Nimemwambia mke wangu jino. Nikajificha chumbani kwa binti, nyuma ya pazia, juu ya kiti cha kukunja, fimbo magotini. Mwizi na aje.

Nilikuwa macho saa moja nzima. Labda dakika hamsini. Kisha nadhani nilifumba macho kidogo ili nisikie vizuri zaidi.

Nilipozinduka, katoni nne hazipo. Masanduku mawili hayapo. Fimbo imeegemezwa ukutani. Na mimi mwenyewe nimefunikwa shuka mpaka shingoni, na mto umewekwa nyuma ya kichwa!

Huyu ni mwizi wa namna gani? Shuka ni letu, linanuka sabuni yetu. Ina maana anajua hata kabati la mashuka. Ni mtu aliyezoea kufunika watu waliolala. Na nani kazi yake ilikuwa kufunika watu, wodi nzima, miaka na miaka? Nesi!

Kesho kuna mkutano. Nitamwaga kila kitu hadharani.

Jumamosi, 8 Machi

Sitamani kuandika, lakini nitaandika.

Mkutano ulianza saa nne. Mwenyekiti wetu ni mwalimu mstaafu na anafuata ajenda neno kwa neno, kwa hiyo nilisubiri mpaka Mengineyo. Nikasimama. Nikafungua gazeti, nikaweka birika mezani, nikaligeuza. Nikasema ndani ya kikundi hiki kuna mwizi anayeingia majumbani mwa watu, na ushahidi ni nukta hii. Nikamtazama Nesi. Alikuwa anatazama viatu vyake, mabega yanatikisika. Nikajua anaungama.

Mwenyekiti akauliza nukta hiyo niliitia wapi.

Nikajibu kwa sauti, wa nyuma nao wasikie: nyumbani kwangu, uvunguni mwa kitanda cha binti yangu.

Mwenyekiti akavua miwani. Akauliza birika lilifikaje huko. Nikasema nililihifadhi. Akauliza kabla sijalihifadhi mara ya kwanza lilikuwa limekaa rafuni siku ngapi.

Nilihesabu kimoyomoyo. Dakika arobaini.

Wakati huo mke wangu alikuwa ameshaingia na kikapu cha mchana. Akakitua chini. Akasema, "Baba watoto, mwizi ni mimi." Akasema nilikuwa naleta, na yeye anarudisha, vikiwa kikapuni chini ya sahani yangu. Birika hilo amelibeba mara tatu, sasa wanajuana kwa jina. Jana nilipolala nyuma ya pazia, Fundi alikuja na toroli kuchukua katoni, na yeye akanifunika nisipate baridi. Akasema ameomba chumba kwa maneno miezi miwili, maneno hayakufaa. Mtoto anakuja kesho, na angekuja kulala wapi, juu ya mabirika?

Kumbe mama anayetaka nafasi ni mke wangu! Nilizisoma kadi zile wiki nzima.

Watu walicheka. Nesi alicheka mpaka akafuta machozi kwa kadi. Fundi Baiskeli peke yake hakucheka, akanipa kiti. Mwenyekiti akanyoosha mkono na kuomba ufunguo. Nikautoa. Akampa Nesi.

Sitaficha hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Na niliumia. Tangu nilipostaafu hakuna aliyenikabidhi kitu kingine chochote. Njiani kurudi nyumbani nilikuwa napapasa mfuko wa kulia, na mfuko ulikuwa mwepesi. Mke wangu aliona. Akanipa kikapu nibebe.

Jumapili, 9 Machi

Amekuja. Amekuja kwetu!

Chumba kilikuwa cheupe, kimedekiwa, dirisha linafunguka mpaka mwisho. Sikujua kama linafunguka mpaka mwisho. Katikati, kitanda cha mtoto, kidogo, cha mbao, kimepigwa msasa na vanishi mpaka kinateleza. Nilikitambua kwa ule ubao wa ubavuni wenye bata. Ndicho kile kilicholetwa dukani kikiwa na miguu mitatu tu, nikawa nakipita kila siku na kusema hizo ni kuni. Mguu wa nne Fundi ameuchonga upya. Godoro ameshona Nesi.

Kuna kadi kwenye uzi: "Kimetoka: Bado Kizima. Kazi yake: kumlaza mjukuu wa Mzee Stoo. Hali: kizima. Kimekaa rafuni siku kumi na mbili, hakuna aliyekitaka."

Binti aliniwekea mtoto mikononi. Ni msichana. Ana uzito wa birika lililojaa maji. Machozi yalinitoka, nikasema ni vanishi. Binti alisema baba, asante kwa kunitolea nafasi, mama ameniambia ulivyohangaika na chumba hiki wiki nzima. Nikamtazama mke wangu. Mke wangu akatazama dirisha.

Nimeapa. Kuanzia leo sihifadhi tena hata kijiko. Na Nesi nimemwonea. Kesho nitamwomba radhi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefika dukani wa kwanza, nikasubiri nje kama mteja. Nesi amekuja, amefungua, akanipa kufuli nilishike. Nimemwomba radhi. Akasema yamekwisha, Mzee Stoo, sote ni watu. Akaniuliza mtoto amelalaje. Akaniletea chai.

Chai ya nini? Mtu nimemwita mwizi juzi mbele ya kikundi kizima, leo ananitilia sukari. Tena ameshona godoro bila kuombwa. Na ufunguo sasa anao yeye. Nikizipanga hizo tatu pamoja, sipendi zinavyokaa.

Saa tano imeingia saa ya ukutani. Ya mbao, inatembea, kioo hakina hata mkwaruzo. Nesi aliifungia kadi, akaiweka rafuni, akaitazama. Aliitazama mara mbili! Safari hii sikukurupuka. Nimesubiri saa moja kamili ndipo nikaihifadhi. Mtu hujifunza.

Chini ya kitanda cha mtoto pana nafasi nzuri sana. Miguu yake ni mirefu. Hakuna mwenye roho atakayepekua hapo. Saa inagonga kidogo, nimeifunga kwa nepi mbili. Nyuma yake nimetia nukta, rangi ya kijani.

Nilipoinuka, mjukuu alikuwa ameamka. Hakulia. Alinitazama tu, kimya, bila kupepesa. Kisha mlangoni nikasikia ndala za mke wangu, na mtoto akageuza macho kumfuata bibi yake.

Sijui huyu yuko upande wa nani.