Uzinduzi wa Kituo cha Mwonekano, Neno kwa Neno

Jumapili, tarehe 9 Machi

Dada yangu mpenzi,

Naahidi kukueleza yote, bila kupunguza wala kutia chumvi, kwa sababu najua barua yako ya kuacha kazi hotelini umeshaiandika na kuiweka chini ya mto, ukingoja tu kusikia kwamba kituo kimefunguliwa na mama amepewa chumba chake, ili uje mshirikiane naye kuwashauri watu mavazi.

Uzinduzi ulikuwa jana. Nilikaa safu ya pili na daftari langu, mama kulia kwangu, na Kisigino, yule fundi viatu wa mlangoni kwetu, nyuma yetu. Mkurugenzi wa Unadhifu na Mwonekano alisimama saa nzima ndani ya ile suti ya kijivu ambayo mama alimchagulia wiki mbili zilizopita. Yaliyofanywa na watu nimeyaweka kwenye mabano, kama mwalimu wetu alivyotufundisha, na maneno ya kigeni nimeyaandika kama yalivyomtoka. Alisema hivi:

"Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti wa kamati hiyo hiyo, ambaye pia ni shemeji yangu, Mheshimiwa Katibu wa Kamati Ndogo ya Viti, mwakilishi wa mgeni rasmi, na mwakilishi wa mwakilishi huyo endapo ataondoka mapema, waheshimiwa wote mlioketi kwenye viti vilivyovishwa vitambaa, nanyi wenzangu wa mabenchi, wazazi wangu, dada zangu, wadogo zangu, na wewe mpiga picha, ambaye nakuomba ubaki upande wangu wa kushoto, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mpiga picha anahamia kushoto.)

Kwa mamlaka niliyopewa, na kwa yale ambayo sikupewa lakini nimejitwisha kwa uzalendo, ninayo heshima, furaha, fahari na dakika chache za kuzindua Kituo Jumuishi cha Ushauri wa Mavazi na Mwonekano Binafsi, chenye ghorofa tatu, vyumba kumi na viwili vya washauri, vioo vya kumwonesha mtu mpaka kisogo chake, na lifti (watu: 'Eeeeh!'), mradi ambao mchakato wake ulianza na upembuzi yakinifu, ukaja kwenye semina elekezi, ukapelekwa kwa mastakiholda, ukarudishwa kwenye upembuzi kwa kuwa mastakiholda walikuwa wamekwenda kula, na hatimaye ukapita bila kupingwa saa tisa alasiri, baada ya wapingaji kuwahi usafiri. (Makofi kutoka viti vya vitambaa.)

Ndugu zangu, takwimu hazidanganyi, na zikidanganya tunazirudia. Utafiti wa idara yangu umebaini kwamba watu tisa kati ya kumi huvaa asubuhi. (Minong'ono.) Yule wa kumi tulimkuta ameshavaa. Asilimia sabini na nne wana vazi kabatini ambalo halijawahi kutoka, asilimia arobaini wanalitunza wakisubiri siku watakayopungua, na ukijumlisha hizo mbili unapata asilimia mia moja na kumi na nne, maana yake tumevuka lengo. (Makofi. Kisigino: 'Mpeni maji, amekimbia sana!')

Watu huniuliza, Mkurugenzi, biashara ya kushauri mavazi hujengwaje mpaka ikasimama? Nami huwajibu kwamba hujengwa juu ya nguzo saba. Ya kwanza ni vizheni. Ya pili ni misheni. Ya tatu ni kuhakikisha vizheni na misheni hazigongani. Nne zilizobaki nimezisahau kwenye gari. (Vicheko. Kisigino: 'Dereva, lete nguzo!') Asante, fundi, ushiriki wa wananchi ndiyo impakti tunayoitafuta.

Mfano hai ni mama huyu hapa. Simama, mama, wakuone. (Mama anasimama nusu.) Mama huyu ofisi yangu imemlea tangu akiwa si lolote, ikamshika mkono, ikamwongoza... (Mama, kwa sauti ya chini: 'Ulikuja kwangu na soksi mbili tofauti, baba.') ... ikajifunza pia kutoka kwake. Ukienda kwake hakuulizi unapenda rangi gani. Anakuketisha dirishani, anakuwekea vitambaa chini ya kidevu kimoja baada ya kingine, kimya kabisa, mpaka uso wako uamke. Kisha anakuja kwako, anamwaga kabati lote juu ya kitanda, anainua kila vazi na kuuliza, 'Hili ulilivaa lini mara ya mwisho?' Ukianza kutafuta jibu darini, vazi linaaga. Hiyo ni teknolojia, ndugu zangu, na idara yangu imeiandikia andiko la kurasa mia mbili. Mimi mwenyewe niliagana na makoti tisa. (Mkewe, kutoka safu ya mbele: 'Kumi na moja!') Kumi na moja, kwa takwimu zilizohuishwa. (Vicheko na makofi.)

(Mama sasa amesimama wima. Anasema: 'Samahani, Mkurugenzi. Kile chumba changu kina dirisha? Kazi hii bila mwanga wa mchana siiwezi. Na binti yangu mkubwa anataka kuacha kazi aje tusaidiane, kwa hiyo nataka kujua leo.')

Swali zuri sana, mama, na linaonesha umekomaa. Uliahidiwa chumba namba tatu, na nikiwa hai hakuna atakayethubutu kukigeuza kuwa namba nne. (Makofi. Mama haketi.) Kuhusu dirisha, dirisha lipo katika ngazi ya dhana. (Kisigino: 'Na ukuta?') Ukuta unafuata dirisha. (Kisigino: 'Na sisi tufuate nini?') Ninyi fuateni hotuba.

Sasa niingie sehemu ya nne, ambayo ndiyo kiini, yenye maelekezo ya kisera ambayo naagiza yaanze kutekelezwa kabla ya jua kuzama. (Anaingiza mkono ndani ya koti, anatoa karatasi, anavaa miwani.) 'Moja. Kifungo cha chini cha koti kisifungwe kamwe.' (Makamu Mwenyekiti anakifungua chake. Safu yote ya mbele inafungua.) 'Mbili. Soksi zifanane, zote mbili.' (Wanaume wanainua suruali kidogo na kuchungulia. Dada, hapo mama alinibana mkono. Ile ilikuwa karatasi yake, ile anayombania kila mteja kwa pini ndani ya koti! Mkurugenzi alikuwa ameiweka hotuba mfuko ule ule.) 'Tatu. Wakati wa kupigwa picha usivute tumbo ndani. Unaonekana kama mtu anayetafuta choo. Simama wima, pumua.' (Ukumbi mzima unashusha pumzi. Vifungo viwili vinasikika vikidondoka.) 'Nne. Ukiambiwa umependeza, sema ahsante. Usianze kueleza.' (Makofi makubwa kuliko yote. Wanawake wa mabenchi wanasimama. Mmoja anapaza sauti: 'Hapo sasa umesema!') Nashukuru, nashukuru, haya ni matokeo ya upembuzi. 'Tano. Tai nyekundu iache nyumbani. Inakufanya uonekane kama mtu anayeahidi asichonacho.'

(Anaitazama tai yake. Ni nyekundu. Ukumbi unalipuka. Mtunza ukumbi anafuta machozi kwa kitambaa cha vumbi. Mkewe amejificha nyuma ya ratiba, mabega yanatikisika.)

Hapa... hapa mchapaji ameteleza. (Kisigino: 'Soma sita!') Hakuna sita. (Watu: 'Ipo! Geuza!') Nikigeuza, mtaona wenyewe kwamba hakuna... 'Sita. Karatasi hii ibaki mfukoni, usimsomee mtu.'

(Sikuweza kuandika kwa muda, dada, kwa sababu benchi letu lilikuwa linatikisika.)

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, nami nimecheza kwetu, kwenu na kwa jirani. Naomba utulivu. Kwa uwezo niliojaliwa, na kwa mkasi nilioshikishwa, sasa nakifungua rasmi kituo. (Anakata utepe uliofungwa kwenye mlango wa pembeni wa ukumbi. Watu wote wanasimama na kusukumana waione ghorofa ya kwanza. Mlango unafunguka. Kuna viti vya plastiki vilivyopandana mpaka darini, na ufagio.) Ketini, ndugu zangu, ketini, shukrani bado.

Nikisema 'Unadhifu!' mseme 'Mbele!' Unadhifu! (Mbele!) Mikunjo! (Mbele!) Hapana, mikunjo ni nyuma. Mikunjo! (Nyuma!) Mwonekano! (Mbele!) Kituo! (Watu wote kwa pamoja: 'Kiko wapi?')

Kwa kumalizia, namshukuru mchoraji, ambaye mpaka leo ndiye binadamu pekee aliyekiona kituo hiki. Nawashukuru majirani wa kiwanja, ambao watajulikana pindi kiwanja kitakapopatikana. Naishukuru Kamati ya Maandalizi, ambayo imeandaa vizuri kiasi kwamba hakikubaki kitu cha kujengea. Na kwa namna ya pekee namshukuru mtunza ukumbi kwa kutuazima mlango wa stoo yake ya viti, ambao tunamrudishia leo hii saa kumi jioni ukiwa mzima, pamoja na nusu ya utepe. Asanteni kwa kunisikiliza. Mmependeza. (Ukumbi mzima: 'Ahsante!' Wala hakuna aliyeeleza.)"

Hapo ndipo ilipoishia hotuba, dada.

Mama aliketi, akafungua mkoba, akaufunga. Nilijua anakuwaza wewe. Tulipofika kwenye ngazi za nje aliniambia, "Leo jioni umwandikie dada yako asiitoe ile barua." Kabla sijamjibu, mke wa Mkurugenzi alimshika mkono kutoka nyuma.

"Mama, mimi nimeishi na yule bwana miaka ishirini nikimwambia habari za soksi. Wewe kwa karatasi moja tu! Niandikie na mimi."

"Karatasi siandiki hivi hivi," mama alisema. "Mpaka nikuone dirishani, halafu nilione kabati lako."

"Basi kabati linakungoja. Lini?"

Nyuma yake alikuwepo Makamu Mwenyekiti, koti wazi, akitaka kujua kama tai yake ya kijani nayo ina maneno. Nyuma ya Makamu walikuwepo walimu wawili, mwuza duka la dawa, na bibi harusi mtarajiwa pamoja na mama mkwe wake, ambao walikuwa hawasemezani lakini wote walitaka nafasi kwenye foleni. Kisigino aliwapanga. "Mmoja mmoja, jamani! Na mwenye kisigino kilicholika aanzie kwangu, huyu mama hashauri mtu anayeyumba!"

Tulipofika nyumbani walikuwa kumi na wanne. Mama alisogeza meza, akafungua dirisha la chumba cha mbele pande zote mbili, akachukua vitambaa. Alishika kidevu cha yule mwuza dawa, akamwekea rangi ya udongo, na yule baba, ambaye siku zote hukaa nyuma ya kaunta kama kivuli, alijitazama kwenye kioo akasema, "Kumbe nipo!" Tulicheka mpaka mama mkwe na bibi harusi wakajisahau, wakaanza kuongea.

Leo wamekuja wengine tisa. Mama anasema, nami ninaandika karatasi, kwa mwandiko wangu ule wa mashindano ya shule, lakini kesho narudi shule na atabaki peke yake na watu wa wiki nzima. Nilimwuliza kama bado nikuandikie usiitoe ile barua. Alikaa kitandani katikati ya makoti ya watu, akakunja moja.

"Mwambie kituo hakipo," alisema, "asije akasema tulimdanganya. Halafu mwambie wateja wapo, asije akasema tulimficha. Akili anayo."

Basi nimekuambia vyote viwili. Hakuna ghorofa wala lifti. Chumba ni kile kile chetu cha mbele, na nimeshakihamishia kitanda changu jikoni ili meza ya pili ienee. Tafadhali usisubiri wikiendi, nijibu kwa barua ya kurudi: utakuja?