Siri za Kuishi Vyema

Alhamisi, 14 Novemba

Munuki, hapa Juba. Nimeamka saa kumi na moja, nikaandika kurasa mbili kabla ya kwenda kazini stoo. Sura ya nane ya kitabu changu: namna ya kumpa mwenzako muda. Tamu kweli! Kerubo, mke wangu, aliyekuja kutoka Kisii kwa likizo ya wiki mbili, akauliza mlangoni kama leo tutaenda kula samaki kando ya mto. Ombi ni lile lile tangu ashuke basi. Nikamwambia anyamaze kidogo. Akasema, Baba Moraa, Jumatatu narudi. Nikikosa hata alasiri moja yako, sitakuja tena Juba, na Kisii nako usijisumbue kuja. Vitisho!

Ijumaa, 15 Novemba

Nimepata mbinu. Jalada linahitaji picha yangu. Jirani yetu Lubega, Mganda anayechora kuku na vinyozi kwenye kuta za maduka, atanichora bure. Nimemwahidi jina lake kwenye shukrani, kwa herufi ndogo. Kerubo atamsimamia, mimi nipumue. Lubega ati nikae kitini saa nzima. Saa nzima! Nikamwambia msanii wa kweli huchora kwa kumbukumbu. Akacheka. Mtu huyu hufunga kazi saa kumi, hunywa chai kwa mama Nyaruot mpaka giza, kitabu hajawahi kushika. Na ana amani! Inaniudhi sana.

Jumamosi, 16 Novemba

Wawili hao uani, rangi na vicheko. Kerubo hajacheka hivyo tangu afike. Nikafungua dirisha nikaomba kimya. Lubega akajibu ati mimi iko kazini, mzee. Mschew! Kerubo akaniuliza kwa mara ya mwisho. Nikamwambia kesho, baada ya kanisa, lazima. Nilimaanisha kabisa.

Jumapili, 17 Novemba

Tulipotoka kanisani wazo likanijia. Utaliachaje? Nilipoinua kichwa jua limekwisha kutua, na Kerubo amekaa kitandani, viatu vya kutokea bado miguuni. Akaanza kufungasha.

Lubega akaleta picha. Kisirani! Amechora mgongo. Mgongo wangu, umeinama mezani, dirishani! Nikamuuliza uso uko wapi. Akasema malesh, samahani kaka, hii tu ndiyo mimi naona kila siku. Kerubo akaitazama weee, machozi yakamtoka, akasema ndiye mume wake kabisa. Akaomba aende nayo, binti yetu Moraa asimsahau baba yake. Imeniuma. Nakiri imeniuma.

Jumatatu, 18 Novemba

Basi limeondoka alfajiri. Sikumsindikiza, nilikuwa katikati ya aya. Nyumba imenyamaza mpaka naogopa. Nimepiga simu mara nne, hashiki. Nimelia, kurasa mbili zikalowa, nimeziandika upya.

Lakini sura ya nane imekwisha! Nimempigia picha kurasa zote kumi na tisa na kumtumia kwa simu. Nimemsihi asome polepole, hasa pale kwenye subira, maana hapo ndipo alipokosea.